Sajini na Redio ya Vipande

Redio ya kwanza niliyowatengenezea wanajeshi ilikuwa ya mawe. Usicheke. Mawe yenyewe ni haya yetu laini ya Kisii, yale yanayochongwa viboko na visahani vya kuuziwa wageni, na fundi aliyenichongea aliniuliza mara tatu kama kweli sitaki anichoree twiga ubavuni. Nikamwambia wanajeshi hawataki twiga. Akasema hajawahi kumwona mtu asiyetaka twiga. Mwishowe alinichongea vipande vinne nilivyomwagiza, akavisugua kwa msasa na maji mpaka vikateleza, nami nikavibeba hadi ofisini ndani ya mfuko wa unga, bega likiniuma njia nzima.

Ofisi yetu ilikuwa mjini Kisii, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kiislamu iliyokaa mjini hapa tangu enzi za babu zao. Walituvumilia kwa mengi, hasa ule moshi wa kulehemu ulioshuka ngazi na kuingia kwenye vitambaa vya harusi. Tulikuwa watu wachache na kazi kubwa. Tulipewa mkataba wa kubuni redio ya mawasiliano ya mwanajeshi wa miguu, ile anayoifunga kifuani na kutembea nayo mvua na jua. Mimi ndiye niliyechora mwili wake na viungo vyake.

Na mimi nilikuwa na wazo langu, limening'ang'ania kama kupe. Redio isiwe sanduku moja. Iwe ya vipande: betri peke yake, kipande cha kutuma sauti peke yake, cha kupokea peke yake, na kile kinachoigeuza sauti kuwa siri, ambacho sisi tulikiita ubongo, nacho peke yake. Kimoja kikifa, unakichomoa na kuweka kingine pale pale ulipo. Na baada ya miaka mitatu, wakati watu wameshavumbua kitu bora zaidi, huitupi redio nzima. Unabadilisha kipande kimoja tu na redio yako inakuwa mpya. Mkubwa wetu hakulipenda wazo hilo hata kidogo. Yeye alitaka sanduku lililofungwa kwa gundi, lisiloingia maji wala mkono wa mtu, kwa sababu, alisema, viungo vingi ni matatizo mengi. Hakukosea sana, na hilo ndilo lililoniudhi. Basi tukaafikiana hivi: zitengenezwe zote mbili, na siku ya majaribio mbele ya maafisa wa jeshi, yangu ijaribiwe kwanza. Ikishindwa, sanduku litachukuliwa, na mimi nitamwaga unga, nirudi kwetu Nyamarambe nikakaushe simu za watu zilizotumbukia chooni.

Tulihitaji mtu aliyewahi kuishi na redio mwilini, si sisi wa kuishi nayo mezani. Mkubwa wetu alimfahamu mama mmoja wa upande wa Nyamira, mbele ya Masimba, aliyestaafu jeshini baada ya miaka mingi katika kikosi cha mawasiliano. Siku hizi alikuwa na shamba la majani chai, migomba, ng'ombe wawili, na kiti chake cha mbele katika kanisa la Wasabato. Kijiji kizima kilimwita Sajini, hata mchungaji. Ni watoto wa majirani tu waliomwita vingine, na hapo ndipo injinia wetu wa programu alipochanganyikiwa. Huyo alikuwa kijana wa Nairobi, na Ekegusii, lugha yetu sisi Wakisii, kwake ilikuwa kelele tupu. Siku ya kwanza akawasikia watoto wakimwita yule mama "baba", akaninong'oneza kwani mzee mwenyewe yuko wapi. Ilibidi nimweleze kwamba kwetu baba ni mama. Akasema basi hatuhitaji kipande cha siri, tuwape wanajeshi lugha yenu tu yatosha.

Sajini alinisikiliza nikieleza wazo langu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mimi nikianza kueleza huwa sina breki. Nilipomaliza akaniongezea chai.

"Kitinda mimba wangu ni mwanajeshi," alisema. "Kazi yake ni ile ile niliyoifanya mimi. Kikosi chake ndicho kitakachopewa redio hizi kwanza, hii yako au ile ya gundi. Kwa hiyo tuelewane. Sikukubali kazi hii kwa ajili yenu, nimekubali kwa ajili ya mtoto wangu."

Akaongeza kwamba siku ya majaribio atasema ukweli mbele ya maafisa, hata kama ukweli huo utanifukuzisha kazi. Binti mwenyewe alikuwa kaskazini, karibu na mpaka. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili, na Sajini alimuuliza kama amekula, akamuuliza kama viatu vinambana, basi. Mimi nilishuhudia simu mbili za namna hiyo, na mara zote mbili, baada ya kukata, yule mama alikaa na simu mapajani muda mrefu bila kuitazama. Nilimpenda. Nilimwogopa pia, tena sana.

Yeye ndiye mtu wa kwanza kuyachukulia mawe yangu kwa uzito. Aliyatia kwenye mfuko wa aproni ya kuchumia chai, akaingia nayo shambani, akachuma. Siku ya kwanza, ya pili, wiki mbili, isipokuwa Jumamosi, siku ambayo hata ungemletea redio ya dhahabu asingeigusa. Mimi nilidhani anapima uzito, nikawa tayari nimeandaa maneno ya kumwambia kwamba zile halisi zitakuwa nyepesi. Kumbe alikuwa anavifunza vidole.

Anayechuma chai haliangalii jani analolichuma. Macho yako mbele, kwenye kichaka kinachofuata. Vidole ndivyo vinavyoyajua majani mawili na chipukizi, vinakata na kutupa kapuni. Siku aliyoniita nilimkuta katikati ya mistari ya chai, mikono yote miwili ndani ya aproni, macho yake kwangu. Akaanza kunitajia: hii betri, hii ya kutuma. Hii. Akasita. Akauliza hii ni ya kupokea au ni ubongo, akanitolea vipande viwili vilivyofanana ukingoni kabisa. Akasema macho ya mwanajeshi yanamtafuta adui, hayana nafasi ya kutafuta kipande, na kama vidole vyake haviwezi kukitambua, basi bado sijatengeneza kitu. Mimi mwenye digrii ya mambo hayo nikavirudisha vipande vyangu kwenye mfuko wa unga.

Nikarudi kwa fundi wa mawe. Kipande cha kutuma kikapewa ukingo wa pembe tatu. Cha kupokea kikawa cha mviringo. Ubongo ukachorwa mifereji mitatu ya kupapasa, na betri ikaachwa laini. Fundi akaulizia tena habari za twiga. Nilipompelekea Sajini mawe mapya, alivitaja vipande vyote vinne akivipapasa nyuma ya mgongo, akarudia kwa mkono mmoja, akarudia huku akimfokea ng'ombe aliyekuwa anaingia kwenye migomba. Hakukosea hata mara moja, nami nikaona fahari kana kwamba mimi ndiye niliyefikiria.

Mawe yalipogeuka plastiki, ndipo ukatili ulipoanza. Kishikizo changu cha kwanza, yaani kile kinachobana kipande mahali pake, kilifunguliwa kwa sarafu, jambo nililoliona la akili sana. Sajini akaniuliza mwanajeshi porini sarafu anaitoa wapi, na huko atanunua nini. Cha pili kilifunguliwa kwa kidole gumba. Akaenda kwenye mgomba, akaukata, akajipaka utomvu viganjani, akachovya mikono kwenye tope la njia ya ng'ombe, akaweka mkono wa kulia nyuma ya mgongo na kujaribu kwa wa kushoto. Kikamgomea. Alinirudishia redio ikiwa imepakwa kila kitu kilichokuwa kwenye shamba lile. Cha tano ndicho kilichokubali. Nikamuuliza kama sasa amefurahi. Akasema kimefunguka, ni kweli, haya tuone kama kitafungika.

Haki ya Mungu, kuna siku nilimchukia. Nilirudi mjini nikilalamika njia nzima, injinia akiwa amevaa vipokea sauti masikioni makusudi asinisikie. Eti nani alimwambia huyu mama kwamba mimi sina kazi nyingine. Eti kama anajua sana si achore yeye. Na nikifika mezani, kabla hata sijavua koti, nilijikuta tayari ninachora kile alichokisema.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya kiungio, yaani pale kipande kimoja kinapokutana na kingine, soketi na pini zake. Mwaka wa pili nilipata kiungio kipya, chembamba, kizuri, chenye pini nyingi ndani ya nafasi ndogo. Nikataka tubadilishe vyote. Nilimpelekea nikiwa na furaha ya mtu anayempeleka mtoto mchanga kwa bibi yake. Akakigeuzageuza, akauliza kama vipande tulivyotengeneza mwaka uliopita vitaingia hapo. Nikasema haviwezi, lakini vile ni vya zamani, vina nguvu ndogo, tutavitupa. Akasema hapana. Nikaeleza tena, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Akasema hapana. Nikapandisha sauti, mimi, ndani ya nyumba ya mtu wa umri wa mama yangu, kikombe cha chai yake kikiwa mkononi mwangu. Injinia alitazama dari. Sajini alingoja nimalize yote.

"Ukibadilisha mlango," alisema, "kila kitu cha zamani kinakuwa takataka. Mtoto wangu atabeba mfuko mzima mgongoni, na siku ya shida hakuna hata kimoja kitakachoingia."

Nilinuna wiki nzima. Sikumpigia simu, naye hakunipigia, na watu wa ofisini walinipita kwa mbali. Kisha nikafanya alivyotaka. Kiungio kikabaki vile vile, na nikaandika kwenye michoro kwamba hakitabadilishwa kamwe, na ndani yake nikaziacha pini sita tupu, zisizo na kazi yoyote, kwa ajili ya mambo ambayo bado hatujayajua. Leo watu wakiisifu redio ile, mara nyingi wanakisifu kiungio hicho, nami husema asante. Basi acha niseme hapa: si changu. Kile chembamba cha pini nyingi ndicho kilikuwa changu, na kingetuponza.

Vipande vya mwaka wa kwanza navyo alikataza visitupwe. Aliagiza kila mtu awe na kimoja cha kutuma ndani ya mfuko wake tunapokwenda majaribioni. Nikavibeba, nikilalamika juu ya uzito kama kawaida yangu.

Na alitufundisha kuongea. Unadhani kuongea kwenye redio ni kubonyeza na kuongea? Sajini alikuwa akibonyeza kitufe, anangoja kidogo, ndipo anasema, ili neno lake la kwanza lisikatwe kichwa. Hakuwahi kusema aa, wala yaani, wala ile nini. Nyumbani kwake ilikuwa Ekegusii kutwa, na ng'ombe, na majirani, na maombi. Akishika redio, Ekegusii yote inabaki nje. Alisema hewani unatumia neno ambalo mtu wa Garissa na mtu wa Kwale watalielewa sawasawa, hata kama mvua inanyesha, hata kama anaogopa. Alinitazama mimi hasa alipokuwa anasema hayo, kwa sababu anaujua mdomo wangu. Nikasema nimesikia. Nilisikia kweli, ila halikuingia.

Siku ya majaribio tulipangwa hivi. Mimi nilikuwa Ogembo, kwenye uwanja ulio juu ya soko, pamoja na mkubwa wetu na maafisa watatu. Aliyewaongoza alikuwa meja mmoja mtulivu aliyejinunulia kichane cha ndizi mbivu sokoni na kuzila moja baada ya nyingine. Injinia alikuwa Masimba, juu ya kilima nyuma ya maduka. Sajini alikuwa kati yetu, kwenye mlima ambao ukisimama juu yake unaziona pande zote mbili, peke yake na mwavuli. Mkubwa wetu alikuwa amelibana lile sanduku la gundi kwapani tangu asubuhi, nami nilijizuia kwa nguvu zangu zote kumwambia aliweke chini.

Asubuhi ilikwenda vizuri mno. Sauti zilipita mabonde zikafika zikiwa safi. Afisa mmoja alichovya redio kwenye ndoo ya maji, akaitoa, ikaongea. Mwingine alichomoa ubongo wa zamani na kuweka mpya, huku ameyafumba macho kama nilivyomwomba, akafaulu mara ya kwanza, akatabasamu peke yake. Meja aliandika kitu. Nikaanza kupanga kichwani nitamwambiaje mama yangu.

Mchana mawingu yakajikusanya upande wa Nyamira, kama yanavyofanya karibu kila siku. Jaribio lililobaki lilikuwa la kubadilisha antena: injinia atoe fupi, aweke ndefu. Jambo dogo kabisa. Lakini kuna sheria moja ambayo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anaijua: huchomoi antena wakati redio inatuma, kwa sababu ile nguvu ikikosa pa kutokea inarudi ndani na kukiunguza kipande cha kutuma. Na saa hiyo redio ya Masimba ilikuwa bado inatuma ramani, kidogo kidogo, na katikati ya kutuma inapokea sauti. Mimi niliona hivyo kwenye skrini yangu. Injinia hakuona. Mvua ilikuwa imeshaanza kwake na alikuwa ameifunika skrini kwa koti.

"Ogembo," akauliza, "nichomoe antena sasa?"

Nikabonyeza kitufe na kupiga kelele: "Yaya! Yaya!"

Kwetu, yaya ni hapana. Ndilo neno tunaloambiwa tukianza kutambaa na kusogelea moto, na linatutoka lenyewe kabla hatujafikiri. Watu wa pwani wakilisikia watadhani ninamwita mlezi wa watoto. Lakini kijana wa Nairobi, mvua ikimpiga masikioni, alisikia kile ambacho kijana yeyote wa Nairobi angesikia, ile "yeah, yeah" ya Kiingereza, yaani ndiyo, ndiyo, endelea. Akachomoa.

Mstari wa Masimba ulitoweka kwenye skrini yangu. Nikaita, kimya. Nikaita tena, kimya. Nilijua papo hapo nilichokifanya. Miaka miwili ya kazi, na binti wa watu huko kaskazini anayengojea, na mimi nimeiunguza redio yangu mwenyewe kwa neno la jikoni kwa mama. Meja aliacha kumenya ndizi. Mkubwa wetu akaliweka sanduku lake juu ya meza, mbele kabisa, akaanza kulifuta vumbi.

Hapo ndipo Sajini alipoingia hewani. Alikuwa ameyasikia yote kutoka kule mlimani, swali na jibu, na yeye alizielewa lugha zote mbili. Hakuuliza nani amefanya nini.

"Masimba, hapa Mlima. Nadhani unanisikia na huwezi kunijibu. Usijaribu kujibu. Fanya ninayokuambia."

Alijuaje? Nilikuja kulifikiria jambo hilo baadaye. Sanduku moja likiungua, limeungua lote. Yetu ilikuwa ya vipande. Kilichoungua ni cha kutuma, na cha kupokea hakikuwa na sababu ya kufa. Yeye alifikiri hivyo akiwa mlimani mvua ikimjia, wakati mimi niliyeichora nilikuwa bado ninabonyeza kitufe na kuita.

Akamwambia azime redio mara tu atakaposikia maagizo yote, asiguse kitu kabla. Antena ndefu, kama ameshaiweka, aitoe na kurudisha fupi. Achomoe kipande cha pembe tatu, akitie mfuko wa kushoto asije akakichanganya. Atoe kile cha mwaka wa kwanza, nacho kina pembe tatu, akiingize, akifunge, akivute kuhakikisha. Ndipo awashe. Akamweleza kwamba kipande hicho kina nguvu ndogo, hakitafika Ogembo, lakini kitafika kwake, na yeye ataipokea sauti na kuisukuma mpaka kwetu. Kisha akayarudia yote tangu mwanzo, kwa mpangilio ule ule, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza jirani njia ya kituo cha majani chai. Kila neno lilikuwa kamili. Tulisikia mvua ikianza kugonga mwavuli wake.

Tukangoja. Sijui ni dakika ngapi, sikuwa na akili ya kutazama saa. Nilikuwa ninamwona kijana yule kwenye kilima cha Masimba, vidole vimekufa kwa baridi, anapapasa mfukoni. Nikaomba, na mimi si mtu wa kuomba sana.

"Ogembo, hapa Masimba. Mnanipata?"

Ilikuwa hafifu, imekwaruzwa kidogo, lakini ilikuwa yake. Nilikaa chini kwenye nyasi, na suruali yangu ya heshima. Afisa mmoja alipiga makofi, akajishika.

Meja akauliza ni nani aliyemwagiza kijana achomoe antena. Mkubwa wetu, nadhani kwa kunistahi, akasema labda kijana hakusikia vizuri. Njia ikawa imefunguka mbele yangu, ningenyamaza tu. Na ulimi wangu usiojua kunyamaza, siku hiyo ulinifaa. Nikasema ni mimi. Nikaeleza habari ya yaya, kwamba nilimkataza kijana kwa nguvu zangu zote, ila nilimkataza kwa lugha ya mama. Maafisa wawili wakacheka mpaka mmoja akaokota kofia yake chini. Meja hakucheka. Alilivuta lile sanduku la gundi, akaligonga kwa kidole, akamuuliza mkubwa wetu hili nalo, likiungua sehemu ya kutuma, inakuwaje. Mkubwa wetu akasema linarudishwa karakana. Akaulizwa litachukua muda gani. Akasema inategemea. Meja akalirudisha mahali pake, akasema hataamua kitu mpaka amwone yule mama wa mlimani.

Sajini alifika Ogembo kwa bodaboda, amelowa chepechepe, gambuti zimejaa tope, mwavuli umegeuka nje ndani. Alipowaona maafisa alisimama wima, mikono ubavuni, kama aliyestaafu jana. Kisha akageuka kwangu kwanza. Akaniambia kwa Ekegusii, ili maafisa wasielewe, kwamba nyumbani niseme yaya mpaka nichoke, lakini nikilisema tena hewani atanikata masikio yote mawili. Nikasema nimesikia, mama. Safari hii liliingia.

Meja akamsogelea. Alikuwa ameambiwa habari za binti.

"Mama, naambiwa mtoto wako yuko katika kikosi kitakachopewa redio hii. Wewe ungempa?"

Miaka miwili nilikuwa nimengoja neno moja tu jema kutoka kinywani mwa mama yule. Hakuwahi kunipa hata moja. Na leo hii, mbele ya masikio yake, nilikuwa nimeiunguza redio kwa mdomo wangu mwenyewe. Angesema hapana, ningemwelewa. Ningerudi Nyamarambe na nisingemlaumu. Aliutazama ule upande wa Nyamira ambako mvua bado ilikuwa inanyesha, na mkono wake wa kushoto ukawa unafungua na kufunga kishikizo kifuani, bila yeye kukitazama.

"Afande, tangu siku ya kwanza nimekuwa nikitafuta sababu ya kumnyima," alisema. "Leo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho, na sababu hiyo sijaipata."

Nililia. Nilijifanya ni mvua, lakini Ogembo haikuwa imenyesha bado. Sajini akaifungua redio kifuani, akaiweka mezani mbele ya meja, akamuuliza zitafika kaskazini lini, kwa sababu mtoto wake anaondoka kambini kwenda doria mwisho wa mwezi.